Je, Mnyonge Akimpinga Tajiri Mbele ya Mwenye Amri, Huwa Amefanya Fitina?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Tumeletewa suala na mtu mmoja wa Kibiti, ambaye marehemu baba yake alikuwa mvuvi katika Delta ya Rufiji. Alitujia baada ya sala ya Magharibi, akakaa mpaka watu wametoka msikitini, kisha akasema: "Shehe, baba yangu alikuwa katika wale waliotia majina yao katika mashtaka ya kupinga shamba la kamba. Wakati ule wako waliomwambia kuwa yeye ni mfitini, na kuwa anayeshindana na serikali amemuasi Mungu. Neno lile lilimkaa moyoni mpaka amekufa. Sasa nakuuliza, je, nimwombee msamaha kwa kosa lile, au halikuwa kosa?"

Hatukumjibu usiku ule. Tulimwambia atupe muda, kwani suala hili si la mtu mmoja. Ni la kila mtu wa pwani aliyepata kuambiwa anyamaze kwa jina la dini, na ni la sisi wenye vilemba tuliopata kusema neno hilo. Jawabu yake ndiyo hii tunayoichapa hapa, ili aisome yeye na wasome wenziwe.

Kwanza yatupasa tuseme jambo lenyewe lilivyokuwa, kwani hukumu ya kitu hufuata kukijua.

Mto wa Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika mito mingi, na baina ya mito hiyo pana msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ya Tanzania. Ukubwa wake ni kadiri ya hekta 53,000, yaani karibu ya nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Ndani yake mna mkoko wenyewe, na mkandaa, na mchu, na msinzi, na mkomafi, na mlilana. Kwa karne nyingi boriti za huko zilipakiwa majahazini zikaenda kuezekea majumba ya Arabuni. Watu wa huko hukaa katika vijiji vya visiwani na kando ya mito, kama Salale, na Kiomboni, na Mbwera, na Nyamisati. Hulima mpunga pale maji ya mto yanapofika, na huvua samaki na kamba.

Na kamba huyu ana habari yake. Hutaga mayai baharini, kisha watoto wake huingia mitoni pamoja na maji ya kujaa, wakajificha katika mizizi ya mikoko, wakala na kukua, na wakishapata nguvu hurudi baharini. Basi mikoko ndiyo malezi ya kamba. Ikiondoka mikoko, hataondoka mvuvi wa Rufiji peke yake. Hata wavuvi wa mbali wataitupa jarife na kuivuta tupu.

Katika miaka ya 1990 ilikuja kampuni iitwayo African Fishing Company, ambayo mkubwa wake alikuwa tajiri wa Kizungu aitwaye Reginald Nolan, ikataka ipewe sehemu ya delta ifanye mabwawa ya kufugia kamba. Shamba hilo lilitajwa kuwa la hekta zipatazo 10,000, nalo lilisifiwa kuwa halitakuwa na mfano wake kwa ukubwa duniani. Watu waliahidiwa kazi na maendeleo. Baraza la Taifa la mazingira, ambalo serikali yenyewe ililiunda kwa sheria ya mwaka 1983 ili liishauri katika mambo haya, lililitazama jambo hili na kushauri lisikubaliwe. Juu ya hayo, mwishoni mwa mwaka 1997 Baraza la Mawaziri liliukubali mradi.

Hapo ndipo watu wa delta waliposema hapana. Hawakuwa wamoja wote, kwani wako waliovutwa na ahadi ya kazi, na maskini halaumiwi kwa kutamani kazi. Lakini waliokataa walikuwa wengi. Walisema mbele ya watu wa serikali, wakasema mbele ya waandishi, kisha wakaenda Mahakama Kuu Dar es Salaam. Waliwasaidia mawakili wa chama kiitwacho LEAT, kilichoanzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya kutetea mazingira kwa njia ya sheria, na waandishi wa habari za mazingira wa chama cha JET. Hawakuchoma nyumba, wala hawakupiga mtu. Mwisho wa mambo ni kuwa mradi ule haukusimama, na mikoko ile haikupinduliwa kuwa mabwawa.

Hiki ndicho kisa. Sasa tutazame maneno waliyoambiwa wale watu, kwani yalikuwa matatu.

La kwanza, waliambiwa: Mwenyezi Mungu ameamrisha kuwatii wenye amri, na nyinyi mwashindana nao. La pili, waliambiwa: ardhi ni ya serikali, humpa imtakaye, na msitu si shamba la baba yenu. La tatu, waliambiwa: jambo hili lina manufaa ya nchi nzima, nanyi watu wachache mwataka kuizuilia nchi riziki yake.

Ama neno la kwanza, ni neno la haki lililotumiwa pasipo mahala pake. Aya yenyewe, ambayo ni ya 59 katika Suratun Nisaa, baada ya kuamrisha kumtii Mungu na Mtume na wenye amri, haikuishia hapo. Iliendelea ikawaelekeza Waislamu kuwa wakigombana katika jambo walirejeze kwa Mwenyezi Mungu na Mtume. Basi aya hiyo hiyo tunayoisoma ili kuwanyamazisha watu, ndiyo iliyobainisha kuwa kugombana baina ya raia na mwenye amri kwaweza kutokea, na ndiyo iliyoonyesha njia ya kwenda. Lau kila kushindana na mwenye amri kungekuwa ni kuasi, aya isingekuwa na haja ya sehemu yake ya pili. Mwenye kusoma nusu ya aya na kuificha nusu yake amejitwika mzigo mzito.

Tena tutazame mwendo wa Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alipokuwa yeye mwenyewe ndiye mwenye amri. Imepokewa katika Abu Daud na Tirmidhi kuwa Abyadh bin Hammal alimjia kutoka Yemen, akamwomba ampe milki ya chumvi iliyoko Maarib. Mtume akampa. Yule mtu alipogeuka kwenda zake, mmoja katika waliokuwako barazani akasema kumwambia Mtume: je, wajua ulichompa? Akamweleza kuwa chumvi ile ni mfano wa maji yasiyokatika, ambayo kila mtu huyaendea akachota. Mtume aliposikia hayo aliirudisha ile chumvi kutoka kwa yule aliyempa.

Ndugu zangu, kizingatieni kisa hiki, kwani jambo la Rufiji lote limo ndani yake. Mna mwombaji aliyekuja kutaka milki. Mna mwenye amri aliyetoa. Mna kitu ambacho watu wote wakitegemea, nacho hakikutengenezwa kwa mkono wa mtu. Na mna mtu wa barazani aliyefungua kinywa chake baada ya amri kwisha kutoka. Mtu yule hakuambiwa kuwa ni mfitini. Hakuulizwa ana cheo gani hata aseme. Hakuambiwa kuwa amri imekwisha kupita na kuirejesha ni aibu. Ikiwa mbora wa viumbe, ambaye wahyi ukimshukia, alikubali kuambiwa na raia wake kuwa alichokitoa ni cha watu wote, akakirudisha, basi ni waziri gani au liwali gani ambaye heshima yake ni kubwa kuliko hiyo, hata aone kuwa kurudi nyuma kutamvunjia cheo?

Na katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyekuwa akimdai Mtume, akaja kudai kwa maneno makali. Sahaba wakataka kumtia adabu. Mtume akawakataza, akawafahamisha kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema. Basi ikiwa mwenye deni la ngamia mmoja ana nafasi ya kusema mbele ya Mtume wa Mungu, mwenye kuogopa kuondokewa na riziki yake na ya wanawe anayo nafasi hiyo mbele ya watu wa serikali.

Ama neno la pili, kuwa ardhi ni ya serikali nayo humpa imtakaye, sisi Mashafi tuna maneno yaliyo wazi katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa. Wanavyuoni wetu wamesema kuwa kijiji kina harimu yake, yaani pembezoni mwake ambako hapafai kwa mtu mwingine kupahuisha na kupamiliki, kwa kuwa wenye kijiji hawatimizi maisha yao ila kwa kupatumia. Wamehesabu humo uwanja wa kukutania, na mahali pa kupigishia ngamia magoti, na jaa la kutupia taka, na wengi wao wakaingiza malisho na mahali pa kuni palipo karibu. Na wakasema kuwa vitu vilivyo dhahiri, ambavyo kila mtu huvifikia bila ya taabu ya kuvichimbua, kama ile chumvi ya Maarib, havimilikiwi na mmoja, wala imamu hana ruhusa ya kumkatia mtu mmoja akawazuilia wengine. Imamu Shafi, Mungu amrehemu, kisa cha chumvi ndiyo hoja yake katika hili.

Sasa tujiulize, mikoko ni nini kwa mtu wa Salale? Ndiko anakopata kuni za kupikia, na boriti za nyumba, na dawa, na asali, na ndiko anakovua. Akifungiwa mito kwa ukuta wa mabwawa, hana pa kupitisha hata mtumbwi wake. Ikiwa jaa la taka limekuwa harimu ya kijiji, vipi usiwe harimu msitu uwalishao?

Na hata tukisema kuwa ardhi yote iko chini ya mkono wa serikali, mkono huo ni mkono wa namna gani? Kanuni mashuhuri katika madhehebu yetu, iliyotajwa na Suyuti katika Al-Ashbah wan-Nadhair na kutolewa katika maneno ya Imamu Shafi, ni kuwa daraja ya imamu kwa raia ni daraja ya walii kwa yatima. Walii hushika mali ya yatima, lakini si yake. Huiuza pakiwa na maslaha ya yatima, wala haiuzi kwa maslaha ya mnunuzi. Na yatima akibaleghe ana haki ya kumuuliza walii wake mali yake aliifanyaje. Hatujasikia mwanachuoni yeyote aliyesema kuwa yatima akiuliza huwa amefanya fitina.

Ama neno la tatu, kuwa jambo lile lilikuwa na manufaa ya nchi nzima, hili ni neno la kupimwa, halitupwi. Biashara ni halali, na tajiri mwenye kuleta kazi ana fadhila, na mgeni si adui kwa kuwa ni mgeni. Lakini manufaa hayathubutu kwa kutajwa tu. Yataka yapimwe na mtu asiye na faida ndani yake. Baraza la mazingira lilipima na likasema lisifanywe. Na dunia ilikuwa imekwisha kupima kabla yetu. Katika nchi za Thailand na Ecuador mikoko mingi ilikatwa kwa ajili ya mabwawa ya kamba, na mengi katika mabwawa hayo yaliingiliwa na maradhi na uchafu yakaachwa baada ya miaka michache, nayo ardhi ikabaki chungu, haina mti wala mpunga. Katika India, watu wa pwani waliishitaki biashara hiyo, na mwezi wa Disemba 1996 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamuru mabwawa yaliyojengwa katika ukanda wa pwani uliolindwa yabomolewe. Hukumu hiyo ilitoka mwaka mmoja tu kabla ya mradi wa Rufiji kukubaliwa. Na katika Bangladesh, mwezi wa Novemba 1990, mwanamke aitwaye Karunamoyee Sardar aliuawa alipokuwa mbele ya wenzake wakipinga mashamba yao yasigeuzwe mabwawa ya kamba. Basi anayekata mikoko ili afuge kamba ni kama anayechinja kuku ili afuge vifaranga.

Na hapa pana jambo ambalo twataka kulisema polepole, kwa kuwa ndilo shina la maneno yote. Ni jambo la mali inapokaa karibu na amri.

Watu wengi hudhani kuwa ubaya wa mali mbele ya mwenye amri ni rushwa peke yake. Rushwa ni haramu kwa ijmaa, na mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa katika hadithi. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 188, amekataza watu kula mali zao kwa batili na kuipeleka kwa mahakimu ili wapate kula sehemu ya mali ya wengine kwa dhambi hali wanajua. Wala sisi hatumtuhumu mtu wa kisa hiki kwa rushwa, kwani kutuhumu bila ya shahidi ni haramu vile vile. Lakini liko jambo jingine ambalo halina harufu ya rushwa, nalo lafanya kazi ile ile. Nalo ni mlango.

Tajiri ana mlango wa kuingilia. Ana nauli, ana wakili, ana karatasi zilizopigwa chapa vizuri zenye hesabu na picha. Akiomba kuonana na waziri, huonana naye. Husema kwa saa nzima, na akitoka humwachia mtu wa kukumbusha. Mvuvi wa Kiomboni hana mlango. Ili afike mjini humpasa avuke mito kwa mtumbwi, afike Nyamisati, apande gari mpaka Dar es Salaam, na siku zote hizo nyumbani hapana kitoweo. Akifika, huambiwa na bawabu arudi kesho. Basi mwenye amri, hata akiwa mwema, husikia sauti moja tu, na mwenye kusikia sauti moja huhukumu kwa sauti hiyo. Na kadhi asiyemsikiliza mdaiwa hukumu yake ni mbovu, hata kama hakupokea hata senti.

Ndiyo maana Mtume alikasirika kwa habari ya yule mtu wa kabila la Azdi, Ibnul Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akagawa mali mafungu mawili, akasema hili lenu na hili nimepewa zawadi. Mtume alipanda mimbari akahoji kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au kwa mama yake, zawadi hiyo ingemfuata huko. Hicho ndicho kipimo. Kila heshima, na kila karamu, na kila mabati ya msikiti na madrasa yanayoletwa na mwenye haja kwa mwenye amri, au kwa imamu, au kwa mwalimu wa chuo, yapimwe kwa hilo: lau usingekuwa na cheo hiki, na lau yeye asingekuwa na haja hii, je, yangekufikia? Ukiona kuwa yasingekufikia, ujue kuwa hukupewa wewe, kimenunuliwa kinywa chako.

Basi watu wa delta walipokusanyika na kusema kwa pamoja, na walipokwenda mahakamani, walifanya nini? Walijitengenezea mlango. Sauti ya mmoja wao isingesikika, walakini sauti za vijiji zilisikika. Hili si kumnyang'anya mwenye amri amri yake. Ni kumkamilishia ushahidi, apate kuhukumu hali amewasikia wote wawili. Anayemletea kadhi ushahidi uliofichika amemnusuru, hakumuasi.

Na lau mlango huo haukuwako, nini hutokea? Nchi yetu hii hii ya Rufiji yajua. Katika zama za Wajerumani watu walilazimishwa kulima pamba kwa amri ya maakida, wakaacha mashamba yao ya chakula, na hapakuwa na baraza la kushitakia wala kadhi wa kuwasikiliza. Mwezi wa Julai 1905 vita vikazuka katika milima ya Umatumbi, vikaenea mpaka kusini yote. Kinjikitile wa Ngarambe, aliyekuwa akiwapa watu maji ya kujikinga na risasi, alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Maji yale hayakuzuia risasi, na kuyategemea hakukuwa katika dini yetu. Vita viliendelea mpaka 1907, na waliokufa kwa risasi na kwa njaa walikuwa makumi ya maelfu. Mwenye kuogopa fitina na alitazame hilo. Fitina haikuzaliwa na watu waliosema. Ilizaliwa na masikio yaliyozibwa. Wajukuu wa watu wale wale, miaka tisini na zaidi baadaye, walikwenda kwa wakili badala ya kwenda kwa mganga, wakashika karatasi badala ya mishale. Hiyo ni neema, na yastahili kushukuriwa.

Wala si jambo la Rufiji peke yake. Mwaka 1991 wakaazi wa Kunduchi Mtongani waliishitaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kuwamwagia takataka za mji karibu na majumba yao, na Mahakama Kuu iliwapa haki. Na baada ya mambo ya delta, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 ililazimisha kuwa miradi mikubwa ipimwe madhara yake kabla ya kuanza, na wananchi wasikilizwe. Basi maneno ya wanyonge, yakisemwa kwa adabu na subira, huacha nyuma njia ambayo wengine huipita.

Lakini, ndugu zangu wa delta na wa Kibiti, hatutawasifu kwa upande mmoja tukanyamaza kwa upande wa pili, kwani huo ungekuwa ni uongo. Katika Bukhari umo mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Wale wa chini wakataka kutoboa tundu upande wao wapate maji bila ya kuwasumbua wenziwe. Mtume akabainisha kuwa wakiachwa wataangamia wote, na wakishikwa mikono watasalimika wote. Katika jambo la mabwawa, aliyetaka kutoboa alikuwa mtu wa juu, na mkamshika mkono. Je, mtu wa chini akitoboa, nani humshika? Leo mikoko yakatwa na wenyeji kwa ajili ya mkaa na magogo ya kuuza. Pengine yafyekwa ili kupandwe mpunga, na baada ya misimu michache ardhi yachoka, wakafyeka pengine. Nyavu za matundu madogo zachukua watoto wa samaki. Tundu ni tundu, likitobolewa na kampuni au likitobolewa kwa shoka la mwana wa kijiji, na maji ya bahari hayaulizi ni la nani. Aliyesema mikoko hii ni ya wote ili kumzuia tajiri, amejifunga yeye mwenyewe kwa neno hilo. Akilivunja, ameigeuza dai lake kuwa husuda, kana kwamba alitaka tu kukata yeye badala ya mwenziwe.

Kwa hivyo twasema kuwa kumpinga mwenye mali mbele ya mwenye amri kwafaa kwa masharti manne, na mwenye kuyatimiza hana lawama. La kwanza, kitu kinachogombewa kiwe haki ya kweli, ya mtu mwenyewe au ya umma. La pili, asiseme uongo wala asimsingizie mtu. La tatu, ashike njia isiyomwaga damu wala kuharibu mali. La nne, naye mwenyewe asiyafanye yale anayoyakataza. Likikosekana moja katika haya, basi hapo ndipo fitina huingia.

Limebaki jambo moja, na hili ni langu mimi.

Mwaka 1998 nilikuwa kijana, sijatimiza miaka thelathini, nikisomesha chuo cha watoto. Watu wa delta walipokuwa wakipita kukusanya majina, mmoja wao aliniuliza kama yafaa kutia jina. Nilimsomea aya ya kuwatii wenye amri, nikaikata katikati. Nilikuwa naijua sehemu yake ya pili, nami siku ile sikuisoma. Sikuhongwa na mtu. Niliogopa tu, na nikaivisha hofu yangu joho la elimu. Yule mtu alinishukuru akaenda zake, wala sijui kama alitia jina au hakutia. Tangu siku ile kila nikifika kwenye aya hiyo hunisimamisha.

Basi jawabu ya yule ndugu wa Kibiti ni hii. Baba yako hakufanya fitina. Alifanya alivyofanya yule mtu wa barazani katika kisa cha chumvi: alimwambia mwenye amri alichokitoa ni kitu gani. Mwombee maghufira kama kila mtoto anavyomwombea mzazi wake, lakini usimwombee kwa kosa hilo, kwani halikuwa kosa, na twataraji kuwa ataikuta thawabu yake. Wanaohitaji kuombewa kwa mambo ya mwaka ule ni wale walioulizwa wakaficha, nami ni mmoja wao. Ukiinua mikono yako kwa baba yako, nitie na mimi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wenye amri wetu masikio ya kusikia, na matajiri wetu vifua vya kukinai, na wanyonge wetu ndimi za kweli, na atulinde sisi wenye elimu na woga unaovaa nguo za uchamungu. Wallahu aalam bis-sawab.